Wingilimwengu kwa Kadi Tano

Jumatatu, 3 Machi
Miaka kumi na mmoja katika ofisi ya kamusi na hakuna neno langu lililoingia. Hata moja! Leo mlango umefunguka. Mhariri Mkuu anataka jina la lile wazo la wanafizikia, kwamba huenda ulimwengu huu hauko peke yake, upo mwingine na mwingine, hata hesabu haiishi. Yule wa meza ya dirishani, mpinzani wangu, akatoa "ulimwengu anuwai" papo hapo. Mimi nikatoa "wingilimwengu". Mtu akakohoa. Wivu tu huo.

Sheria yetu ni ile ile: neno haliingii mpaka lisikike vinywani mwa watu watano wa kawaida. Ijumaa msikilizaji wa ofisi, dada mpole asiye na maneno mengi, atapita mtaani, akiandika asemayo kila mtu kwenye kadi yake. Na safari hii ni mtaa wangu! Nitawafundisha kabla hajafika. Nimeshashinda.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza na kinyozi. Nilipomweleza wazo lenyewe, mashine ikasimama hewani. Akauliza kama huko kwingine yeye ndiye aliyesoma, na kaka yake ndiye anayenyoa. Nikamwambia aseme wingilimwengu. Akasema sawa, sawa, halafu akauliza kama wale wa huko wanatuona. Nimetoka nimenyolewa upande mmoja.

Muuza mboga naye akataka kujua kama huko alimkubali yule mchumba wa kwanza. Nitajuaje mimi? Nikamwachia neno kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Akafungia nyanya za mteja.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe anaishi nasi, anashona nguo barazani. Wakati wa chakula akaniuliza ni kitu gani nimewatia watu kichwani. Nikamweleza. Akaacha kula. Akasema taratibu kwamba basi, katika hizo dunia nyinginezo, huenda baba yenu hakupanda lile lori. Mke wangu akainamisha kichwa; baba yake alifia kwenye lori hilo.

Nami nikamsahihisha. Nikamwambia, mama, inaitwa wingilimwengu. Tangu hapo mke wangu hanisemeshi. Sijui nimekosea wapi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Jana mtaa mzima ulishinda barazani kwetu, eti wameleta suruali za kushonwa. Suruali gani! Walikuja kumuuliza mama mkwe kuhusu huko kwingine, naye akawajibu kila mmoja kwa subira.

Leo msikilizaji kapita. Nilijibanza nyuma ya matenga ya kabichi nisikie. Kinyozi: dunia nyinginezo. Muuza mboga: dunia nyinginezo. Fundi viatu na mkewe, hivyo hivyo. Kadi ya tano ni ya mama mkwe mwenyewe. Wingilimwengu, sifuri. Ulimwengu anuwai nao, sifuri! Angalau huyo wa dirishani kanuna.

Jumatatu, 10 Machi
Kamati imepitisha "dunia nyinginezo". Mfano wa matumizi wameuchukua kwenye kadi ya tano: "Katika dunia nyinginezo, mume wangu hakupanda lile lori." Mhariri Mkuu aliusoma, akavua miwani, akakaa nayo mkononi. Safari hii hakuna aliyekohoa. Hata mimi nikaunakili.

Jioni nikampelekea mama mkwe habari. Akacheka, akafuta macho, akauliza wiki hii tunatafuta jina la kitu gani. Nikamwambia kuna nyota zikifa humeza kila kilicho karibu, hata mwanga hauponi. Akasukuma cherehani pembeni. Akataka kujua huo mwanga ukishamezwa unakwenda wapi.

Nikamwambia asiwe na haraka. Kwanza aseme "mezamwanga" mara ishirini, ndipo nimweleze.