Treni Inirudishie Baba

Alhamisi, 28 Juni 2012

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si padri, si mdogo wangu Brightness ninayelala naye chumba kimoja. Leo nyumba yetu ina huzuni kama ya msiba, na mimi nina furaha.

Mambo yako hivi. Baba amerudi kutoka ofisini kwa Mzee Alnasir, mwenye malori, uso umemshuka. Makontena ya Mzee Alnasir hushushwa melini Vancouver, pwani ya Magharibi, na miaka yote Baba ndiye anayeyafuata kwa lori, Kanada nzima, kwenda na kurudi. Sasa basi. Yatapanda treni. Baba anasema treni moja inayabeba mawili mawili, moja juu ya jingine, na ukisimama kichwani mkia huuoni. Madereva watabakiwa na kazi ya mchana tu: kuyachukua yadi ya reli Brampton, hapa karibu, kuyafikisha kwenye maghala, kisha kurudi nyumbani kulala. Nafasi ni mbili. Moja ya Tajdin, mpwa wa mzee. Ya pili bado.

Baba alisema huo si udereva, ni kusukuma mkokoteni. Mama alimpa pole. Brightness alisema, kwa Kiingereza, kwamba treni haichafui hewa kama lori. Akaambiwa ale anyamaze.

Mimi nikaenda bafuni, nikafungulia bomba, nikacheza.

Nyumbani kulala! Jumatatu nilimaliza shule. Baba alisikiliza mahafali yangu kwa simu akiwa njiani, Kenora, Mama kaiinua simu juu kama mshumaa wa Pasaka. Septemba naenda chuo Ottawa. Nimebakiwa na kiangazi kimoja. Nakitaka chote, na Baba ndani yake.

Ijumaa, 29 Juni 2012

Mpango wa kwanza. Baba lazima aichukie barabara.

Mama yuko zamu Pickering, kwenye nyumba ya wazee. Nikajitolea kupika chakula cha safari. Kwetu chakula cha safari hugandishwa kwenye makopo ya aiskrimu. Nilipika makande jana usiku. Bila nazi, bila kitunguu, bila chumvi. Chakula cha kumfanya mtu mzima alie akikumbuka kwake.

Asubuhi nikamwona anafunga kamba za viatu, anaguna kwa mgongo. Nikakosa moyo. Nikafunga chumvi kidogo kwenye karatasi, nikaitia mfukoni mwa begi. Mimi ni mhalifu dhaifu.

Frank alipita kurudisha jeki. Frank ni dereva mwenzake Baba, Mkenya, na anaitaka ile nafasi ya pili. Mkewe yuko karibu kujifungua. Aliniuliza kama bado naongea na viatu vyangu. Kila akiniona anauliza hivyo. Nilitafuta jibu kali. Nilikuwa nikiangalia viatu.

Baba alituaga. Alisema atapitia ofisini kwanza. Sikuuliza kwa nini.

Jumapili, 1 Julai 2012

Maafa mawili. Hapana, matatu.

La kwanza. Baba kapiga simu kutoka Thunder Bay. Makande matamu! Veva kaweka chumvi pembeni, kakumbuka presha yake! Daktari mwenyewe hakumbuki! Kuanzia sasa hataki mtu mwingine ampikie chakula cha safari ila mimi.

La pili. Kopo lake moja lilikuwa na aiskrimu. Ningejuaje? Tangu nizaliwe sijaona kopo la aiskrimu lenye aiskrimu nyumbani kwetu. Kumbe Mama aliinunua kwa ajili ya jumuiya, kwa kuwa leo ni sikukuu ya Kanada na zamu ya kusali ilikuwa kwetu. Mama alileta kopo mbele ya wageni, akawagawia vijiko vidogo, akafungua. Makande. Yasiyo na chumvi, yameganda kama jiwe. Mama Médiatrice, Mrundi, mtu wa adabu sana, aliuliza kama ndivyo Watanzania wanavyosherehekea.

La tatu ni baya zaidi. Ulipofika wakati wa maombi, mimi ambaye sijawahi kufungua mdomo jumuiyani, nilifungua. Nilisema tuiombee treni, hasa ile ya makontena. Sauti ikaniishia hapo hapo.

Mama Médiatrice akanivuta kifuani. Alisema tazameni mtoto huyu anavyoteseka kwa ajili ya baba yake. Akalimalizia ombi yeye mwenyewe, kwa sauti ya kengele: Mungu aizuie treni hiyo, makontena yarudi mikononi mwa baba wa familia. Ee Bwana, utusikie! Sebule nzima. Mama analia. Wakarudia.

Na mimi nikaitikia, nisije nikajulikana. Nimeiombea mabaya treni yangu mwenyewe.

Jumanne, 3 Julai 2012

Mbinguni nimeharibu. Nikaamua kwenda kwa mwenye malori.

Ofisi ya Mzee Alnasir iko Richmond Hill. Ndani ya basi nilijifunza sentensi moja tu: Mzee, tafadhali mpe Baba kazi ya mchana. Niliirudia mpaka mama wa kiti cha jirani akahama.

Mzee Alnasir amezaliwa Tabora, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Kabla hajaniuliza jina aliniuliza kama nimekula. Akanipa kachori na chai ya maziwa. Alisema alikua karibu na stesheni, na usingizi wake wa utotoni ulikuwa haukamiliki mpaka treni ya Kigoma ipige honi. Baba yake alikuwa akimwambia, mwanangu, mzigo mzito mpe reli. Alikaidi miaka thelathini, akanunua malori. Sasa bei ya mafuta imempeleka alikokataa kwenda. Akacheka. Halafu akasema, bila kucheka, kwamba treni haichoki wala haisinzii, na hakuna mtoto anayeisubiri dirishani.

Hapo ndipo pa kusema! Akaniuliza nimefuata nini.

Sentensi ikatoweka. Nikaangalia viatu. Nikasema natafuta kazi.

Nimepata. Naanza kesho. Nitapiga simu yadi ya reli kuuliza kontena lipi limefika, na nitawapigia madereva kuwauliza wako wapi.

Wakati natoka akanipa habari njema: mke wa Frank kajifungua mtoto wa kiume jana. Nilisema hongera. Moyoni niliona vita imekuwa ngumu. Baba ana sisi tu, na sisi si wachanga.

Ijumaa, 6 Julai 2012

Baba bado yuko Magharibi, kwa hiyo wiki hii Frank anajaribiwa ile kazi ya mchana. Mpango: ashindwe.

Asubuhi nilimtuma yadi ya reli akachukue kontena ambalo najua vizuri bado liko njiani, Winnipeg. Mungu anisamehe. Nilimwazia anagombana na walinzi, anapiga honi, anarudi mikono mitupu na matusi mdomoni. Mzee Alnasir angejionea.

Frank alirudi saa nane mchana, ananyoosha mikono kama paka. Alisema tangu mtoto azaliwe hajafumba macho, na leo kalala ndani ya lori asubuhi nzima, getini, kwa amani, akisubiri. Alinishukuru! Aliniletea donati! Alisema Veva, ukiwa na kontena jingine lililopotea nitume tena.

Mzee Alnasir alimsifu mbele yangu. Alisema dereva wa kungoja treni anatakiwa kuwa na subira hiyo hiyo.

Donati ilikuwa tamu. Nilikula yote kwa hasira.

Jumatatu, 9 Julai 2012

Mzee Alnasir kaamua. Kazi ya mchana ni ya Frank.

Niliuliza, na Baba je? Nilisikia sauti kubwa, nikageuka kuangalia nani kasema. Ilikuwa yangu.

Mzee akaweka kikombe chini. Alisema alikatazwa kuniambia, lakini hawezi kumwona mtoto katika hali hii. Ile Ijumaa, kabla ya kuondoka, Baba alipita ofisini akaomba ule mkokoteni. Aliomba yeye mwenyewe, kasimama, kofia mkononi. Alisema binti yangu anaondoka Septemba. Mzee akampa, wakapeana mikono.

Halafu Jumanne jioni Baba alipiga simu kutoka Vancouver. Alikuwa amesikia habari za mke wa Frank. Alisema, Mzee, mpe Frank. Mtoto wake bado haijui sura yake. Wangu wamekua, yangu wanaijua.

Baba atabaki barabarani na lori moja, la matunda ya Magharibi, kwa sababu matunda hayawezi kuisubiri treni, yataoza. Nisimwambie kwamba najua.

Nilikwenda bafuni, nikafungulia bomba. Sikucheza.

Jioni mezani Baba, aliyerudi jana, alitangaza tena kwamba yeye mkokoteni aliukataa. Alisema dereva wa kweli hawezi kupangiwa na treni. Mama alisema sawa, Baba Veva, na akamwongezea mchuzi. Nadhani Mama naye anajua. Nilisema ndiyo Baba. Nikamtazama sana usoni, nikaona ana kovu dogo chini ya sikio. Sikuwa nimewahi kuliona. Kwa hiyo si kweli kwamba naijua sura yake.

Alhamisi, 12 Julai 2012

Kaondoka tena jana. Leo kazi yangu ilikuwa kumpigia Baba simu na kumuuliza yuko wapi. Nalipwa kwa hilo!

Aliitikia kwa heshima zote: Shikamoo ofisi. Nikamwambia Baba, acha. Alisema hawezi kuacha, mimi sasa ni bosi wake, na bosi akipiga lazima dereva asimame pembeni. Kweli alikuwa amesimama, juu ya ziwa kubwa kule kaskazini. Alisema maji leo ni ya bluu mpaka yanatia aibu mbingu. Nikauliza kama amekula. Alisema makande. Chumvi imepungua kidogo, lakini asante.

Halafu akasema nisikate, nisikilize. Chini yake, kando ya maji, treni ilikuwa inapita. Akainua simu. Nilijua ameinua, kama Mama siku ile. Nikasikia magurudumu, behewa baada ya behewa, halikomi. Baba akapiga honi ya lori. Treni ikajibu!

Alicheka kama kijana. Alisema pengine hayo ni makontena yetu, yananitangulia nyumbani. Nikashindwa kusema neno. Alisema najua, Veva, mtandao huku ni mbaya.

Mtandao ulikuwa mzuri.

Jumapili, 22 Julai 2012

Baba yuko nyumbani mpaka kesho. Baada ya misa Frank alikuja na mkewe kutuonyesha mtoto. Nilijiandaa kumchukia mtoto huyo. Nilikuwa na sababu zote.

Frank alisimama katikati ya sebule, mara moja tu katika maisha yake bila utani, akasema mtoto anaitwa Elias. Jina la Baba. Kazi kachukua, sasa na jina! Baba alitazama ukutani, akasema vumbi limezidi humu ndani, dirisha lifungwe. Mama alikuwa amesafisha asubuhi.

Wakanipa nimshike. Ana uzito wa mkate. Alifungua jicho moja, akanitazama kama mtu anayetafuta jina langu, akalala. Chuki yangu ilidumu labda kwa muda wa kupiga mwayo. Frank aliniuliza kama naongea na viatu vya mtoto pia. Nikamjibu kwamba hivi angalau havinuki. Wakaangua kicheko, na Baba akacheka kuliko wote. Nimejibu! Kwa mdomo!

Sasa nimetulia na nimeelewa mengi. Baba ni mtu mzima, ameamua kwa upendo, na si kazi yangu kumpangia. Nimekubali kabisa.

Isipokuwa kitu kimoja. Wiki iliyopita, mtu wa yadi ya reli aliniambia kuna makontena yenye friji yake yenyewe, na yanapanda treni kama mengine. Friji! Matunda hayaozi! Kwa hiyo lori la matunda halina haja ya kwenda popote. Kesho asubuhi namweleza Mzee Alnasir. Nina sentensi fupi sana. Nimeijaribu kwa Elias mdogo akiwa amelala, na haikutoweka. Jumuiya ijayo nitaombea friji, nikimkalia Mama Médiatrice mbali. Na makande ya kesho yako jikoni, hayana hata chembe ya chumvi. Safari hii sitaweka pembeni.

Labda kidogo tu.

Wewe unayesoma, nakuomba, yabaki hapa hapa. Bomba la bafuni, kontena la Winnipeg, yote. Lakini zaidi ya yote moja: Baba alimwachia mtoto wa watu kazi yake kwa sababu anaamini mimi nimekua. Usimwambie kwamba bado.