Ng'ombe wa Makene na Mtambo wa Biogesi

Jumatatu, 12 Agosti 2013
Mkutano wa kijiji. Watu wa mradi wamesema miti inaisha, mvua zinapungua, tupunguze kuni. Nathanaeli, mcheshi wa kijiji, akauliza kama mvua imekimbia moshi wa ugali wake. Tukacheka. Ila mahindi ya mwaka huu yalivyonyauka kila mtu aliyaona. Kaya moja ya mfano itajengewa mtambo wa biogesi bure. Sharti: ng'ombe wanne zizini, maana gesi inatoka kwenye samadi. Jirani yangu Mama Atuganile anao. Mimi nina mbuzi, tena kiwete. Mke wangu Enesi, macho mekundu kwa moshi, kaniomba udongo wa kichuguu tu, ajenge jiko banifu, la kuni chache na moshi kidogo, kama wanawake walivyofundishwa na mradi. Udongo! Mume mzima nimletee mke udongo?

Jumatano, 14 Agosti
Nimeshuka bondeni Kamsamba, kwa Makene mfugaji. Joto la huko si la binadamu. Ananiazima ng'ombe wanne, waje kula mabua ya shamba langu. Sikuona haja ya kutaja mtambo.

Jumanne, 20 Agosti
Wamefika. Hawajazoea kufungiwa, wanalia tu. Mama Atuganile kauliza nimewatoa wapi. Nikasema ni urithi. Akanipongeza, ila anakumbuka marehemu baba yangu alifuga nyuki tu.

Ijumaa, 23 Agosti
Kamati ya mradi imekuja kukagua zizi, na nusu ya kijiji nyuma yake. Mimi ndani ya suti ya harusi. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kunisifu. Ndipo Makene akatokea njiani, anatoka Tunduma, kapita kuona mifugo yake. Akapiga mluzi, ndivyo wanavyowaita ng'ombe kule Kamsamba. Wote wanne wakaangusha mlango wa zizi, wakapita katikati ya kamati, wakaenda kumlamba mikono. Mwenyekiti akauliza urithi huu ni wa nani. Makene, mkweli kupita kiasi, akasema ni wake. Mtambo kapewa Mama Atuganile. Enesi hakunifokea. Alisema tu amechoka kulia kila akipika. Iliniuma sana.

Jumapili, 8 Septemba
Mama Atuganile ndiye aliyemletea Enesi udongo. Wamejenga wenyewe, jiko limekauka. Leo kapika bila chozi, akanipakulia vizuri. Nimefurahi kwa ajili yake. Kesho kuna mkutano wa umeme wa jua. Kaya ya mfano lazima iwe na paa la bati. Langu ni nyasi. Shemeji Ombeni ana mabati mapya, hajaezeka bado. Namfuata alfajiri. Mabati hayasikii mluzi.