Msituchujie Maji Yetu ya Pozo Hondo

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Belmonte,
Maabara ya Maji.

Salamu kwa heshima zote. Naandika nikiwa na hasira, lakini nimeoga kwanza.

Nataka mwondoe kile kibao chekundu cha USINYWE pale kisimani, na huo mtambo wa kuchuja mnaotaka kutuletea mwezi ujao usije kabisa. Sababu zangu:

1. Mkemia wenu, Bi Maricruz, ametangaza mbele ya kanisa kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi, hiyo chumvi ya miambani anayosema inatia meno kahawia na kuumiza mifupa, eti maji yanapaa na mvuke, floraidi inabaki sufuriani. Mheshimiwa, mume wangu Hilario nimemchemshia maji miaka arobaini, tena mara mbili mbili, kwa mapenzi! Sasa kila akishikwa na magoti ananitolea macho: "Kumbe ni wewe, mama! Mimi nasingizia uzee!"

2. Meno yetu ya kahawia ndiyo kitambulisho chetu. Mwaka juzi alikuja tapeli akidai ni mpwa wa marehemu Tranquilino, anataka shamba la brokoli. Tukamwambia, "Hebu cheka kidogo." Akacheka. Meno meupe pe! Tukampandisha basi palepale. Mkishatuchujia maji, mashamba atatulindia nani?

3. Huyohuyo binti mkemia anasema mashamba makubwa ya majani ya ng'ombe yamenyonya maji ya juu yakaisha, kwa hiyo sasa tunavuta ya chini kabisa, yaliyokaa kwenye miamba miaka elfu kumi. Haya. Maji ya umri huo ni ya kuyaamkia shikamoo, si ya kuyapitisha kwenye chujio kama chai!

4. Mbuzi hawajui kusoma. Wanakunywa chini ya kibao huku wakitutazama. Ni dharau.

Mtambo wapelekeeni jirani zetu wa Las Jícamas, wao hawana desturi yoyote ya kuharibiwa.

Nisalimie wote hapo maabara, na mama yako mzazi. Bi Maricruz mwambie amekonda mno, apite kwangu ale.

Wako mwenye kinyongo na adabu,
Eduwiges Arredondo

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha mjukuu wangu Yaretzi, miaka saba, akaja kunionyesha jino lake jipya la mbele. Limeota na mistari ya kahawia tayari. Nikampigia vigelegele. Yeye akaniuliza, "Bibi, nikisugua sana itatoka?" Nimeifungua tena bahasha, Mheshimiwa. Ana mdogo wake wa miezi minane. Msingoje mwezi ujao, leteni huo mtambo kesho.