Georgia, Uswisi na Dereva Mmoja

Jumatatu, 1 Desemba

Habari kubwa! Nimeisikia garini, macho mbele, masikio nyuma. Baba na Mama, Waarabu walioniajiri huku ugenini, wanaipeleka familia yote kwenye theluji likizo ya shule. Kuteleza! Mbao miguuni, wanashuka mlima, na kwa hiari yao. Wamebakiza sehemu mbili: Georgia au Uswisi.

Baba kasema atakwenda mfanyakazi mmoja tu. Georgia watakodi gari, kwa hivyo watahitaji dereva. Yaani mimi, Gerishon. Uswisi ni garimoshi hadi kijijini, magari hayaruhusiwi, lakini nyumba ina jiko na watoto hawali chakula cha Wazungu. Kwa hivyo mpishi. Yaani Nafula.

Mimi nimezaliwa Naro Moru. Mlima Kenya uko pale pale, na kile cheupe juu yake nimekitazama tangu nikiwa na kamasi puani. Sijawahi kukigusa! Kinanata? Kina harufu? Binti yangu Kendi ameniuliza kwa simu kama theluji ikianguka inapiga kelele kama mvua kwenye mabati. Nimemwahidi kwamba baba yake atakwenda kusikia mwenyewe. Lazima iwe Georgia.

Jumanne, 2 Desemba

Utafiti. Nimekwangua barafu ya friza kubwa ya nje, nikaiweka shavuni. Inauma. Nikaiweka sikioni. Kimya. Nafula akanikuta kichwa kiko ndani, kati ya samaki wa Mama na aiskrimu ya watoto. Akauliza natafuta nini. Nikasema natafuta ukweli. Akasema ukweli haukai kwenye aiskrimu, akafunga friza kwa ufunguo.

Jioni nikamwona ameketi miguuni pa Mama Kabira, mamake Baba, anamkanda magoti huku anamnong'oneza. Nyumba hii Baba ni meneja tu. Mwenye kauli ya mwisho ni Mama Kabira. Nafula mjanja! Anaipigia debe Uswisi.

Jumatano, 3 Desemba

Nimewaambia watoto, njiani kutoka shule, kwamba jibini la Uswisi lina mashimo kwa sababu ya panya. Matokeo: Nouf mdogo sasa anataka Uswisi akaone panya. Kosa dogo.

Nimempigia Harun, rafiki yangu Mganda anayelinda jengo kule Lusail. Ushauri wake ni kwamba nikae na Nafula tuzungumze kama watu wazima. "Ssebo, muulize tu anataka nini!" Nimecheka sana. Tangu lini mtu akamwonyesha adui ramani ya vita?

Alhamisi, 4 Desemba

Leo ndiyo leo. Kila Alhamisi nampeleka Mama Kabira kwa dadake, kule Al Wukair. Sisi wawili tu garini.

Kiarabu changu ni kile cha madereva: vitenzi vichache na mikono mingi. Nikamsifia Georgia. Akasema anajua, ni pazuri, ameshaambiwa. Hapo ningenyamaza. Lakini nikaona ni vyema aelewe pia umuhimu wa dereva. Nikamwambia barabara za kule zimejipinda kama matumbo ya mbuzi. Korongo kushoto, korongo kulia. Magari yanateleza, malori yanapotelea chini. Dereva wa kawaida anafika maiti. Lakini mimi? Mtoto wa mlima! Nikaingia raundabauti kwa madaha kidogo, apate mfano.

Mama Kabira akashika mkanda kwa mikono miwili. Tasbihi ikaanguka. Nadhani imemwingia.

Ijumaa, 5 Desemba

Uswisi!

Mama Kabira katangaza baada ya chakula cha mchana. Wajukuu zake hawatafia korongoni, amesema, na Mungu amlipe heri dereva mwaminifu aliyemfumbua macho. Baba akanipa mkono. Nikaenda kuketi garini, nikawasha kiyoyozi hadi mwisho, nikalia kidogo.

Jumapili, 7 Desemba

Nafula hanisemeshi. Nilitarajia anicheke, nikamkuta anapakia soksi huku machozi yanamtoka. Nikampa hongera. Akanirushia soksi.

Kumbe! Wiki nzima alikuwa akimkanda bibi magoti na kumsifia Georgia. Nafula haipendi baridi hata kidogo. Alitaka abaki na nyumba tupu, alale mpaka jua lipande, aende kwa rafiki yake Shamira, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, wasukane na kupiga soga. Na Mama Kabira alikuwa ameshaikubali Georgia tangu Jumatano. Jumatano! Mimi nimekwenda Alhamisi kuangusha mti ambao tayari ulikuwa unaelekea kwangu.

Akaniuliza, "Gerishon, si ungeniuliza tu?" Nikamwomba anisikilizie kama theluji inapiga kelele.

Jumamosi, 3 Januari

Wamerudi. Nafula ametoka uwanja wa ndege na makoti mawili, midomo imepasuka. Akanikabidhi chupa ya chai. Alinichotea theluji mlangoni pa ile nyumba, mahali pasipokanyagwa. Niliifungua pale pale maegeshoni. Maji. Nikatia kidole. Nikanusa: iliki, ya chai ya jana. Nikanywa funda moja, yaliyobaki namwekea Kendi.

Akasema theluji haina sauti. Ikianguka, hata kelele nyingine zote zinanyamaza. Nimelifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi. Nilimshukuru Nafula kwa moyo wote. Ni mtu mwema, na mimi nilimdhulumu.

Sasa Baba ameanza habari za kiangazi. Salalah kwa gari, kule kunakonyesha kiangazi chote, au Bosnia kwa ndege. Mfanyakazi mmoja tu, tena! Gari ni dereva, ndege ni mpishi. Nafula akanijia jikoni, akasema safari hii tusaidiane: mimi niende Salalah nikaone mvua, yeye abaki alale, na Mama Kabira nimwachie yeye. Nimekubali. Tumepeana mikono.

Lakini alitabasamu mno. Na kwa nini anikataze kusema na Mama Kabira? Hapana. Mtu haumwi na nyoka mara mbili. Alhamisi, njiani kwenda Al Wukair, nitamweleza bibi jinsi ukungu wa Salalah ulivyo mzito, dereva wa kawaida haoni hata pua ya gari lake. Ataelewa mwenyewe anamhitaji nani.