Riwaya Iliyofungwa Kwenye Kompyuta ya Masjala

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata. Ofisi ya upimaji ardhi imeuza vyombo vyake vikuukuu, na katikati ya viti vya miguu mitatu nikaiona: kompyuta yangu. Miaka tisa nilikaa nayo masjala, mpaka zilipoletwa mpya nayo ikatupwa stoo. Ina kioo chenye kichogo kirefu. Zamani ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya meno ya mvuta sigara. Watu walinicheka nilipoibeba. Waache wacheke, hawajui kilichomo.

Kilichomo ni riwaya yangu.

Mke wangu amesikia habari za riwaya hiyo tangu mtoto wetu wa mwisho akiwa ananyonya. Kwa sababu yake sijatengeneza mfereji wa paa. Kwa sababu yake sijahudhuria harusi za binamu zake. Kwa sababu yake chumba cha nyuma, chenye dirisha kubwa, ni changu, na yeye ambaye ni fundi cherehani anashonea sebuleni kwenye kiza. Ninapoulizwa riwaya iko wapi, husema iko ofisini.

Leo ameitazama kompyuta juu mpaka chini. Akasema vizuri, sasa imefika nyumbani, ataisoma. Amenipa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Ikiwa hakuna riwaya, cherehani inahamia chumba cha nyuma. Akaongeza kwamba hatagomba. Atakuwa tu amejua.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Chumba ni chumba. Lakini huyu mwanamke amewaambia dada zake wote kwamba mumewe ni mwandishi.

Nimewasha. Ikanguruma, ikahesabu kumbukumbu yake, ikalia mara moja. Nikaifungua riwaya. Herufi za kijani zikaniuliza neno la siri.

Silikumbuki.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu jina langu. Jina langu na cheo. Jina langu na cheo nilichostahili kupewa. Majina ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, kisha kwa mpangilio wa akili. Ukikosea mara tatu inajizima, ukiiwasha inahesabu tena kumbukumbu yake polepole, kana kwamba ina muda wote duniani.

Mke wangu alipita akauliza kama nimejaribu jina lake. Nikasema bado. Akauliza kwa nini bado. Nikalijaribu mbele yake, likakataliwa, na yeye akakasirika kwamba halikuwa lenyewe. Nikamweleza kuwa neno la siri halipaswi kuwa kitu ambacho mtu anakiwaza kila mara. Maelezo hayo hayakusaidia.

Chakula cha mchana nimejipakulia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimesikia mahali kwamba ukichomoa betri ndogo iliyo ndani, kompyuta husahau kila kitu, pamoja na neno la siri. Nikaifungua kwa bisibisi ya cherehani. Nikaichomoa. Nikanywa chai. Nikairudisha.

Kweli imesahau. Imesahau kwamba ina diski. Inasema leo ni tarehe mosi Januari, mwaka ambao mimi nilikuwa sijaota ndevu.

Nimeipeleka kwa fundi wa simu wa pale kona. Ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Akaniuliza nani aliifungua. Nikasema sijui. Akaniuliza kwa nini basi imebaki skrubu mfukoni mwa shati langu. Nikaufunika mfuko kwa kiganja.

Ameifundisha upya kuitambua diski yake, mpaka ikawaka. Lakini akasema kufuli haliko kwenye mashine, liko kwenye riwaya yenyewe, na hilo hata akichomoa betri zote za mtaa halitafunguka. Atafutwe aliyelifunga. Nikasema aliyelifunga ni mimi. Akasema pole.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekumbuka! Si neno lenyewe, ila lilihusu nini.

Masjala tulikuwa wawili. Mimi nilikaa karibu na kabati, na dirishani alikaa Rula. Tulimwita hivyo kwa sababu kila kichwa cha habari alikipigia mstari kwa rula, hata kwenye kadi za rambirambi. Siku moja bosi aliniita akaniuliza kama ni kweli naandika hadithi saa za kazi. Nikajua nani amenichoma. Siku hiyo hiyo nikaifunga riwaya, na neno la siri nikalifanya tusi la kumtukana Rula, ili kila asubuhi nianze kazi kwa furaha.

Tatizo ni kwamba nilimtukana sana. Nimeandika orodha ya matusi yote ninayoyakumbuka, nayo imejaza karatasi pande mbili. Hakuna hata moja lililofungua.

Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna pengine pa kusemea.

Jumamosi, 8 Machi

Nina mpango. Kumuuliza Rula moja kwa moja siwezi, heri nife. Lakini aliyetukanwa hasahau. Kwa hiyo nitakwenda kumwomba radhi.

Nimekwenda. Anaishi peke yake tangu afiwe na mkewe, kwenye nyumba safi inayokera. Nikamwambia kwamba uzee umenifanya nitafakari, nataka kumwomba msamaha kwa kila nililowahi kumwita, moja baada ya jingine, ila kwa heshima anikumbushe yeye, nisije nikaruka lolote.

Machozi yalimlengalenga. Akasema hakutegemea jambo hili katika maisha yake. Akaanza kuyataja. Yalikuwa kumi na manne, na mengine aliyataja pamoja na siku nilipoyasema na nguo nilizovaa. Mimi naomba radhi kwa mdomo huku mkono uko mfukoni unaandika kwenye kipande cha boksi. Akanikumbatia mlangoni. Nikarudi mbio.

Yote kumi na manne yamekataliwa. Nimeomba radhi za bure.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amepima chumba cha nyuma kwa futi yake ya kushonea. Aliandika vipimo ukutani kwa chaki.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nilikuta Rula sebuleni anakunywa chai, amekuja na pakiti ya biskuti kulipa ugeni wangu. Mke wangu anamwita shemeji kama vile wamejuana miaka. Alikuwa ameshamwambia kila kitu: kompyuta, riwaya, neno la siri, Jumamosi. Nilitamani ardhi inimeze.

Rula akauliza kama anaweza kuiona, kwa ajili ya zamani. Nikasema imeharibika. Mke wangu akasema inawaka vizuri. Tukaingia.

Akakaa kwenye kiti changu. Akaifuta vumbi kwa leso. Alipoulizwa neno la siri akaandika kwa kidole kimoja, bila kusita: DOMOKAYA. Yaani mtu asiyeweza kushika siri.

Ikafunguka.

Nikamwambia ndilo nililokuwa nakaribia kulijaribu. Akasema hana shaka. Kisha, bila kuniangalia, akasema kwamba aliyemwambia bosi habari za hadithi si yeye. Nilimwambia bosi mimi mwenyewe, kwenye sherehe ya kumuaga mhasibu, nikampigia chuku kuhusu tuzo nitakazoshinda. Yeye alikuwepo, ameshika sahani. Nikasema huenda.

Nikamuuliza alilijuaje neno langu. Akasema nilikuwa nikiandika huku nalitamka. Akaaga, akaondoka na haraka zake. Biskuti aliziacha.

Jumanne hiyo hiyo, mchana

Riwaya yangu ina kurasa mia moja arobaini na tatu.

Sikuwahi kuandika kurasa mia moja arobaini na tatu. Nakumbuka kurasa sita. Mtu anapanda ngazi za ofisi kwenda kumwona mkurugenzi, na katika kila ngazi anawaza jambo. Baada ya hapo nikahamia kwenye kuchagua jina la kitabu, kazi iliyonichukua miaka iliyobaki.

Ukurasa wa saba unaanza kwa kichwa kipya. Chini yake kuna mstari ulionyooka.

Mshenzi huyu Rula. Saa za chakula mimi nilikuwa nakwenda mgahawani, yeye alikuwa anabaki. Nilidhani anakula.

Nimesoma yote. Nilitaka iwe mbaya. Nilisoma nikitafuta makosa na kalamu mkononi, na kufikia ukurasa wa thelathini na moja kalamu ilikuwa imeanguka sijui saa ngapi. Ukurasa wa hamsini na nane nimelia. Mke wangu aliponikuta nikamwambia ni vumbi la kompyuta.

Wivu unauma pale pale kwenye mbavu. Sikujua.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu anasoma. Jana kutwa na leo kutwa. Amefunga duka lake la sebuleni, wateja wanarudishwa na nguo zao bila vifungo. Anabonyeza kitufe cha kushuka kwa kidole chenye kofia ya kushonea. Mara anacheka. Mara anarudi kusoma ukurasa uliopita, na hapo ndipo mimi roho inakuwa juu.

Nimepita mlangoni mara kumi na moja nikijifanya natafuta kijiko.

Ijumaa, 14 Machi

Amemaliza. Aliniita nikae.

Alisema kurasa sita za mwanzo ni za mtu anayepanda ngazi na kujipongeza. Alitaka kuizima. Lakini kuanzia ukurasa wa saba, alipoingia yule mama fundi cherehani, hakuweza kuinuka. Akaniuliza nilijuaje kwamba mwanamke mwenye pini mdomoni hawezi kujibu, na kwa hiyo watu wa nyumbani hudhani amekubali.

Nikasema mwandishi huangalia mambo.

Akaniuliza ni lini niliangalia. Nikasema kwa nyakati tofauti. Akatikisa kichwa taratibu, akaniuliza kama Rula amewahi kumwona mama anayeshona. Nikakumbuka kwamba marehemu mke wa Rula alikuwa fundi, nikasema sidhani.

Basi akasema chumba ni cha mwandishi. Hayo ndiyo maneno yake. Nilijikaza kisabuni nisirukeruke.

Kisha akasema kuna jambo moja: riwaya inaishia njiani. Yule mama amesimama, mkono uko kwenye kitasa, mume anamwita kutoka ndani, na hapo maandishi yanakatika. Anataka kujua kama anatoka au anarudi. Hawezi kulala hivi hivi.

Nikamwahidi sehemu iliyobaki kabla mwezi haujaisha. Nilisema bila kufikiri, kama ninavyofanya mambo yangu yote mazuri.

Jumapili, 16 Machi

Nimejaribu kumtoa yule mama mlangoni. Kutwa nzima. Nimeandika sentensi moja, kwamba alikumbuka ngazi. Nikaifuta.

Jumatatu, 17 Machi

Mpango wa leo ni bora kuliko yote niliyowahi kuipanga, na nauandika hapa ili siku moja watu wajifunze.

Nimemwendea Rula. Nikamwambia kwamba baada ya kupatana kwetu, ningependa aitumie kompyuta yangu kila siku saa za mchana, kwa ukarimu tu, kwa kuwa najua anaikumbuka. Nikamdokezea kwamba riwaya iko wazi, asishangae akiiona, na kwamba kama mkono utamwasha akaongeza maneno mawili matatu, mimi si mtu wa kinyongo. Akaniuliza kama mke wangu ataona sawa. Nikasema mke wangu hatajua lolote, mimi nitashughulikia hilo. Akainuka kutafuta viatu.

Mke wangu nimemwambia kwamba Rula anakuja kuniandikia tu ninayomtamkia, maana vidole vyangu vimechoka. Amekubali papo hapo. Hata hakuniuliza nitamtamkia nikiwa wapi. Amehamishia cherehani humo humo ndani, kando ya dirisha, akidai huko sebuleni kiza kimezidi. Nimemruhusu. Mtu anayeshona hasikilizi.

Wako humo tangu saa saba. Mimi nimekaa nje ya mlango kwenye kigoda, nazuia watu wasiwasumbue. Cherehani inakwenda, kisha inasimama, Rula anasoma kitu kwa sauti ya chini, kisha mke wangu anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tuhamie nyumba hii. Halafu nikamsikia akimwambia hapana shemeji, huyu mama asirudi ndani, mwache afungue.

Nimewaletea chai vikombe viwili. Wote walinishukuru kwa upole sana. Hakuna aliyeshtukia kitu.