Askari Aliyefichwa Kitandani

Jumatatu, 24 Juni

Siku yangu imefika! Bosi wetu hapa klabu ya besiboli, Bi Corliss, ametangaza kikaoni kwamba atakayeujaza uwanja Sikukuu ya Uhuru, tarehe nne Julai, na juu yake akampata mdhamini, ndiye atakayekuwa naibu wake. Darlene wa tiketi alinyoosha mkono kabla bosi hajafunga mdomo. Fataki, akasema. Na soseji za bure. Fataki! Ohio hii hakuna kijiji kisicho na fataki.

Nilingoja amalize, kisha nikasimama. Nikasema: askari. Askari anarudi kutoka mbali, familia yake haina habari, wamekaa jukwaani wanatafuna karanga, mara huyo katikati ya uwanja. Mama analia. Uwanja mzima unalia. Watu wakishalia hununua jezi. Bi Corliss akasema, "Lyle, endelea nalo."

Kabla ya chakula cha mchana nimeshampata mdhamini: Bwana Rademacher wa magodoro, mwenye maduka tisa na machozi ya karibu. Sharti lake ni moja tu. Askari atokee kitandani. Kilichobaki ni kumpata askari mwenyewe.

Jumanne, 25 Juni

Askari hawapatikani. Ofisi ya kuandikisha jeshi inasema wa hapa Marlow wote wamekwisha kutumiwa na timu nyingine. Mwaka jana sisi tulimtumia fundi wa magari ya jeshi aliyekuwa amesharudi wiki mbili nzima kabla, na binti yake akauliza kwenye kipaza sauti, "Baba, si asubuhi umenikaangia mayai?" Darlene bado anaisimulia kila Krismasi.

Jioni mazoezini, bahati! Wachezaji wa besiboli wana tabia ya kuandika kwa kalamu, chini ya ukingo wa kofia, jina la mtu wanayemuwaza. Efraín Zamudio, mrusha mpira wetu, ameandika ANSELMO. Nikamuuliza ni nani. Kaka yake mkubwa. Askari wa miguu, Afghanistan mara mbili, ana medali. Hawajaonana miaka sita. Yuko mbali, akasema, na wakubwa hawamruhusu kurudi. Akageuza uso. Mimi niliona machozi, nikaona kitanda. Sikuuliza zaidi.

Jumatano, 26 Juni

Nimekwenda kwa mama yao, Mama Remedios, nyuma ya kiwanda cha nyanya. Nimemwapisha: Efraín asijue. Nikamwambia tarehe nne klabu inamleta Anselmo nyumbani. Alishika meza. Akauliza tena, nikarudia. Akauliza kama nina karatasi. Ruhusa ya jeshi hiyo, nikawaza, jeshi na karatasi zake! Nikamwambia mama atulie, karatasi zote ziko mikononi mwangu.

Akanibusu viganja vyote viwili. Akasema mawakili watatu wameshindwa. Hapo ningeuliza mawakili wa nini, lakini alikuwa amekwisha niwekea sahani ya tamale za mahindi zenye nyama ndani, na mimi nikila huwa sifikiri. Nilipokuwa naondoka alinipa namba ya simu ya Anselmo, akaanza kutoa mashuka kabatini.

Ijumaa, 28 Juni

Rademacher ameongeza sharti. Anataka ile bendera kubwa ya kufunika uwanja, na kwenye upindo wake wa chini yaandikwe maneno: MAGODORO YA RADEMACHER, LALA KAMA SHUJAA. Darlene akadakia kwamba bendera ya taifa haiandikwi tangazo, ni mwiko. Nikamwambia upindo si bendera. Bi Corliss akaafiki, akasema biashara si siasa.

Dakika kumi baadaye akaita watu kwa ukali. Efraín amehamisha maandishi! Sasa yako mbele ya kofia, herufi kubwa: MRUDISHENI ANSELMO. Bosi akasema kanuni za ligi zinakataza siasa kwenye mavazi, akirudia, aende zake. Nikaitazama jezi ya Efraín. Kifuani benki, begani piza, mgongoni nyumba ya mazishi. Kumbe ile kofia ndiyo sehemu pekee niliyosahau kuuza.

Lakini siasa gani iko kwenye jina la mtu? Kesho nampigia huyu Anselmo.

Jumamosi, 29 Juni

Nimempigia. Nilitegemea kambi, milio ya ndege, pengine Ujerumani. Alipokea akiwa Tijuana, Mexico, kazini kwake, anakojibu simu za wateja wa Marekani. Nikamweleza mpango, kitanda na yote. Akacheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

Halafu akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja. Aliletwa Ohio kutoka Mexico akiwa na miaka mitatu. Jeshini aliingia kwa kibali cha ukaazi, uraia akaambiwa utakuja. Haukuja. Alitoka vitani kichwa hakitulii, akaanza vidonge vya kulevya, akakamatwa navyo, akafungwa. Alipomaliza kifungo wakamvusha mpaka. Nikamuuliza, kwa ujinga, kama hata bendera ya shukrani hakupewa. "Usijali, kaka," akasema. "Nikifa wananirudisha. Tarumbeta, saluti, na bendera juu ya jeneza. Haki hiyo hawajaninyang'anya. Ni kurudi mzima ndiyo shida."

Nilijisikia vibaya, vibaya kabisa. Kisha nikakumbuka bendera imekwisha shonwa upindo.

Jumatatu, 1 Julai

Nilimshauri Bi Corliss tumwonyeshe Anselmo kwenye skrini kubwa, moja kwa moja kutoka Tijuana. Akasema hiyo ndiyo siasa yenyewe. Rademacher naye akasema askari aliyefukuzwa nchini hauzi godoro. Darlene akasema jambo moja tu: nenda ukamwambie yule mama leo.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Todd, mtoto wa jirani yangu, ni mtunza stoo katika kambi ya jeshi iliyo mwendo wa dakika ishirini. Jana alikula nyama choma kwao. Mama yake amekubali kushtuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka kiuno kinauma. Mama Remedios nitamwambia kesho.

Jumanne, 2 Julai

Sikumwambia. Mvua.

Jumatano, 3 Julai

Mvua imekatika. Sikumwambia. Amepiga simu mwenyewe kuuliza kama mlangoni watamruhusu kuingia na sufuria. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 4 Julai

Uwanja umejaa hadi kwenye ngazi. Bendera imetandazwa, upindo wake unasomeka kutoka barabara kuu. Mama Remedios mstari wa mbele, gauni la kanisani, sufuria mapajani. Mimi nilijificha ndani ya vazi la bundi, ndege wa bahati wa timu yetu. Aliyeniuliza nilimwambia kuna joto la kupendeza mle.

Tarumbeta. Kitanda kikasukumwa katikati. Mtangazaji akapaza sauti kwamba yuko mama mmoja jukwaani asiyejua ni nani amelala pale. Mama Remedios alikuwa ameshavuka kizuizi, na miaka yake sitini na minane. Blanketi likafunuka, Todd akaruka, akapiga saluti. Yule mama akasimama hatua moja mbele yake. Akamtazama usoni. Akainua blanketi, akachungulia kama kuna mwingine.

Hakuwepo mwingine. Todd hakujua la kufanya, midomo ikaanza kumtetemeka. Basi mama akamkumbatia, akampigapiga mgongoni, maana alikuwa mtoto wa mtu. Uwanja mzima ulilia. Rademacher alilia kwa sauti. Mama yake Todd alibaki kwenye ngazi na karanga zake.

Kisha wimbo wa taifa. Kila mwanamume akavua kofia, akaiweka kifuani. Efraín akavua yake, akaiweka kifuani, maandishi yakiangalia nje. MRUDISHENI ANSELMO. Akaimba mpaka mwisho bila kukosea neno, jambo ambalo mimi siliwezi. Kamera ikamkuta. Bi Corliss akaamuru skrini irudi kwenye magodoro, upesi.

Darlene alinikuta nimekaa chooni, kichwa cha bundi mapajani. Akasema, "Lyle, njia ya mwongo ni fupi. Yako umeipitisha juu ya mama wa watu." Nililia kidogo, ila jasho lilikuwa jingi, hakuna aliyejua.

Ijumaa, 5 Julai

Naibu! Mlango una jina langu. Kazi yangu ya kwanza: barua ya kumwachisha kazi Efraín, kosa lake kuingiza siasa uwanjani. Nimeiandika mara nne. Karatasi yenyewe ina nembo ya Rademacher juu kulia. Efraín aliisoma, akaikunja, akanipa mkono. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 7 Julai

Nimempelekea Mama Remedios godoro jipya, zawadi ya klabu. Alilikataa. La Anselmo bado zima, akasema, amelilalia miaka yake yote ya shule. Hakuniwekea sahani. Nilikuwa nimekuja na ukweli wote, nimeufanyia mazoezi garini: hakuna karatasi, sikuwahi kuwa nazo, nilidanganya.

Akauliza swali moja, macho yake machoni mwangu. "Yule alikuwa wa mwenzangu. Wangu ni lini?"

Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, nikaona mashuka yamepigwa pasi. Nikasema Septemba, Sikukuu ya Wafanyakazi ya huku kwetu. Akachukua kalenda ukutani, akaandika jina la mwanawe kwenye tarehe hiyo, akanipa kalamu nitie sahihi pembeni yake. Nilitia.

Nimempigia Rademacher nikiwa bado barabarani kwao. Amefurahi mno. Septemba anauza vitanda vya ghorofa mbili. Natafuta askari wawili.