Giaboksi Mgeni Haitumikishwi

Jirani yangu Mbula anadai kwamba siku ya kuzindua Kitengo cha Kusimamia Mapumziko ya Vipuri Wageni, hapa Voi, mkuu wa kitengo alikata utepe akalia machozi. Mbula huongeza chumvi. Nilikuwapo, lilikuwa vumbi tu. Ila sheria mkuu aliieleza vizuri: kipuri kikiingia nchini kwa muda, hicho ni mgeni, na mgeni hatumikishwi.

Ni sheria ya adabu. Hata nyumbani kwetu mgeni haonyeshwi sufuria chafu.

Shida ilikuwa Musyimi. Giaboksi ya pikapu yake, ile inayoteremsha mboga kutoka Bura, ilikufa. Shemeji yake wa Moshi akamwazima nyingine mpaka yake itengenezwe. Aliipitisha Taveta kwa njia halali, ikapigwa muhuri wa muda. Akapakia nyanya za Mama Tryphena, zimeiva kabisa, za kuuzwa leo ama zipewe nguruwe. Mama akapanda mbele, mimi nikakalia kreti nyuma.

Mwatate tukakuta kizuizi. Mkuu wa kitengo mwenyewe, Bwana Nicholas, akainama kuchungulia chini ya gari.

"Kijana, hii giaboksi ni mgeni?"

"Ndiyo mkubwa. Karatasi ndiyo hii."

"Mbona inazunguka?"

"Isipozunguka, mkubwa, gari haiendi."

"Gari ni mwenyeji, iende. Giaboksi ipumzike."

Mama Tryphena akatoa kichwa dirishani. "Mwanangu, kwenu hamsemi mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Huyu tumeshamlisha wiki nzima!"

Bwana Nicholas si mtu wa kupuuza wazee. Akapiga simu, kamati ikakaa, jibu likarudi: jembe limekubaliwa. Kipuri mgeni kitafanya kazi ya shamba pekee.

"Na nyanya si za shamba?"

"Zilikuwa, mama. Zikigusa lami zinakuwa biashara."

Pikapu ikasukumwa kando. Nyanya za chini zikaanza kutoa maji, Mama Tryphena akashuka akikunja mikono ya blauzi, na hapo nikaogopa.

Lakini kitengo kilikuwa kinachungulia kila gari, na foleni ikafika mbali. Watu wakashuka kunyoosha miguu. Mmoja akauliza bei. Kufikia alasiri Mama alikuwa anawafokea wateja, "Msiziminye, si mpira!"

Ndipo simu ya Bwana Nicholas ikalia. Mgeni rasmi kutoka Nairobi alikuwa amefika Voi, anamngoja. Akaruka ndani ya gari ya serikali. Haikuwaka. Taa ya kimulimuli ilikuwa imewaka tangu asubuhi, betri imekwisha.

"Musyimi, nivute mpaka Voi."

"Mkubwa, si unajua giaboksi inapumzika?"

"Nitakupa ruhusa maalum."

"Kamati imekaa?"

Bwana Nicholas akavua koti, akatugeukia sote barabarani.

"Wananchi, basi nisukumeni kidogo tu."

Mama Tryphena akainua kreti ya mwisho. "Hizi nani anachukua?"

Tukamzunguka Mama, Bwana Nicholas akabaki na koti lake mkononi.